Nani Anayashika Maisha ya Mgonjwa wa Akili? Kumsoma Upya Anton Boisen

1. Utangulizi

Katika huduma ya kichungaji lipo swali moja linalokuja kwa sura nyingi. Ndugu wa mgonjwa wa akili huuliza kama mtu wao "anajitakia". Mgonjwa mwenyewe, akishapata nafuu, huuliza kama angeweza kuuzuia ugonjwa endapo angeomba zaidi au kujikaza zaidi. Wazee wa kanisa huuliza kama mtu huyu aungame kwanza au apelekwe hospitali kwanza. Wote hawa wanataka kujua jambo lile lile: maisha ya mtu mwenye ugonjwa mzito wa akili yamo mikononi mwa nani? Yamo mikononi mwake, au ya Mungu, au ya pepo, au ya daktari, au ya bahati tu?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kukihakiki kitabu kimoja ambacho wachungaji wengi wamepokea matunda yake bila kukisoma. Kitabu hicho ni The Exploration of the Inner World cha Anton T. Boisen, kilichotolewa Marekani mwaka 1936. Boisen ndiye aliyeanzisha, pamoja na wenzake, mafunzo ya uchungaji yanayofanyika hospitalini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Mafunzo ya namna hiyo yamefika hata kwetu Tanzania, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa hiyo hatuhakiki habari za mbali. Tunahakiki mzizi wa mti ambao baadhi yetu tumekaa chini ya kivuli chake.

Hoja yangu ni hii: Boisen alikuwa sahihi kabisa aliposema kwamba mgonjwa wa akili ni mtu mwenye neno la kusema juu ya maisha yake mwenyewe. Lakini alikosea alipoifanya nafuu kuwa ushahidi wa ujasiri, na kutopona kuwa ushahidi wa kukata tamaa. Kosa hilo halisahihishwi na saikolojia peke yake. Linasahihishwa na fundisho ambalo sisi Walutheri tumelirithi na mara nyingi tunaliacha darasani, yaani fundisho juu ya mipaka ya utashi wa binadamu.

2. Mtu na kitabu chake

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Boisen hakuandika juu ya wodi kama mgeni aliyepita mlangoni. Alizaliwa mwaka 1876 huko Bloomington, katika jimbo la Indiana. Baba yake, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufundisha chuoni, alifariki Anton akiwa bado mtoto mdogo. Alisomea kwanza elimu ya misitu, kisha akaingia Union Theological Seminary, New York, na kumaliza mwaka 1911. Alifanya uchunguzi wa makanisa ya vijijini, akawa mchungaji katika sharika za mashambani, akahudumu Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwezi Oktoba 1920, akiwa na umri wa karibu miaka 44, aliugua ghafla. Alikuwa akiandika maelezo ya imani yake, ndipo mawazo ya kwamba ulimwengu unaangamia yalipomvamia kwa nguvu. Jamaa zake walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Boston, na kutoka huko akahamishiwa hospitali ya serikali ya Westboro, jimbo la Massachusetts. Alitoka mwezi Januari 1922, baada ya miezi kama 15.

Humo wodini aliona kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiwauliza wagonjwa maana ya yale waliyokuwa wakiyapitia. Madaktari waliutazama mwili, na wachungaji waliokuja kuhubiri hawakujua lolote juu ya hali za wale waliowahubiria. Mwaka 1924 akaajiriwa kuwa mchungaji wa hospitali ya serikali ya Worcester, jimbo lile lile. Katika kiangazi cha 1925 akawapokea wanafunzi wanne wa theolojia ili wajifunze kwa wagonjwa wenyewe. Aliwafundisha kwamba mtu aliye hai ni andiko, na kwamba andiko hilo lastahili kusomwa kwa uangalifu ule ule tunaoutumia tunaposoma maandiko ya kale.

Kitabu cha 1936 ni mavuno ya miaka hiyo. Ndani yake anaeleza habari za ugonjwa wake mwenyewe, kisha anachambua habari za wagonjwa 173 wa Worcester, na baadaye anawaweka kando yao watu mashuhuri wa historia ya dini waliopita katika dhoruba za nafsi: Yeremia, Ezekieli, Paulo, George Fox, John Bunyan na wengine. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba baadhi ya magonjwa ya akili ni jitihada ya nafsi kujipanga upya, kama vile homa ilivyo jitihada ya mwili kupambana na uchafu ulioingia damuni. Kwa fikra hiyo ugonjwa wenyewe si uovu. Uovu uko katika kule kutengwa na kujificha kulikotangulia.

3. Njia tatu alizoziona Boisen

Kiini cha kitabu, kwa maoni yangu, kimo katika maelezo ya namna wagonjwa wanavyoukabili msiba wao. Boisen aliona njia tatu. Ya kwanza ni ya mtu anayejiachia kuchukuliwa na maji. Hapigani, hajali, anazama polepole katika ndoto za mchana na anasa ndogondogo mpaka hatamani tena chochote. Ya pili ni ya mtu anayejenga maelezo ya uongo ili kuilinda heshima yake. Anawalaumu wengine, anaona maadui kila mahali, au anajipa ukuu asiokuwa nao. Ya tatu ni ya mtu anayeshikwa na hofu kuu. Anaiona hatari yake waziwazi, anajishtaki, anahisi kwamba Mungu na Shetani wanapigania nafsi yake.

Boisen alipolinganisha mwisho wa wagonjwa hao, aliona kwamba wale wa njia ya tatu ndio waliopona kwa wingi zaidi, na ndio waliokuwa na mawazo ya dini kwa uzito zaidi. Wale wa njia ya kwanza hali yao iliendelea kuwa mbaya. Kutokana na hayo akafundisha kwamba kujikubali kuwa mwenye dhamana ya maisha yako, hata kwa uchungu wa kujilaumu, ni dalili njema. Kuhamishia lawama kwa wengine, au kujiachia tu, ni dalili mbaya.

Mafundisho haya yana thamani kubwa ambayo hatuna budi kuikiri kabla ya kuyapinga. Katika miaka ile mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa mzigo usio na maana. Boisen alisema hapana: huyu ni mtu, anapigana, na vita vyake ni vya kiroho kama vilivyo vya mwili. Yeyote aliyewahi kuona mgonjwa akizungumziwa na jamaa zake mbele yake kana kwamba hayupo atajua ukubwa wa neno hilo.

4. Saikolojia ilivyoliendeleza swali

Miaka 30 baadaye swali la Boisen lilichukuliwa na wanasaikolojia kwa namna nyingine. Mwaka 1966 Julian Rotter, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha kipimo chenye vipengele 29 cha kupima kama mtu anaamini kwamba yanayompata yanatokana na matendo yake mwenyewe au yanatokana na nguvu zilizo nje yake. Waliofuata wengi walifikia haraka kuona imani ya kwanza kuwa ni afya na ya pili kuwa ni udhaifu.

Hanna Levenson, mwaka 1973, aliona kwamba mgawanyo huo wa ndani na nje hautoshi. Akichunguza wagonjwa wa akili, aliitenga imani ya nje katika sehemu mbili: kuamini kwamba maisha yanaendeshwa na watu wenye nguvu, na kuamini kwamba yanaendeshwa na bahati. Tofauti hiyo ni ya maana sana. Mtu anayeamini kwamba wenye nguvu wanamtawala anaweza kujifunza kuzungumza nao, kuwaomba, hata kuwapinga. Anayeamini bahati tupu hana wa kuzungumza naye.

Lakini mchungaji anaposoma vipimo hivi akiwa na picha ya wodi mbele yake, anakutana na ugumu ambao nambari haziuondoi. Chukua kauli moja: "Wengine ndio wanaoyatawala maisha yangu." Kauli hii ikitoka kinywani mwa mgonjwa wa skizofrenia inaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali kabisa.

Inaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Daktari Kurt Schneider wa Ujerumani alikwisha kuonyesha kwamba katika skizofrenia baadhi ya wagonjwa huhisi kabisa kwamba mawazo yao yametiwa kichwani na mtu mwingine, au kwamba mkono wao unainuliwa na nguvu isiyo yao. Hapo ugonjwa wenyewe umegusa mahali ambapo binadamu hujihisi kuwa mwenye matendo yake.

Inaweza pia kuwa ukweli mtupu. Mtu aliyefungiwa mlango, anayepangiwa saa ya kula na saa ya kulala, ambaye fedha zake zinashikwa na kaka yake na hati yake ya shamba ina jina la mjomba, akisema kwamba wengine wanayatawala maisha yake, hajakosea hata kidogo. Kumfundisha aamini vinginevyo ni kumfundisha uongo.

Tena inaweza kuwa ungamo la imani. Mtu anaposema kwamba maisha yake yamo mikononi mwa Bwana, huenda hiyo ndiyo sala ya mwisho aliyobakiwa nayo.

Dalili, hali halisi, na imani: mambo matatu katika sentensi moja. Kipimo hakiwezi kuyatenganisha. Anayeweza kuyatenganisha ni mtu aliyeketi na mgonjwa muda wa kutosha. Katika hili Boisen bado ni mwalimu wetu, kwa kuwa yeye alitutuma tukamsome mtu mwenyewe.

5. Mahali kitabu kinapopungua

Sasa tuje kwenye upungufu. La kwanza ni la hoja. Boisen aliona kwamba walioshikwa na hofu ya ghafla walipona zaidi, na walionyauka polepole hawakupona. Aliyoyaona ni kweli. Elimu ya tiba iliyofuata imethibitisha mara nyingi kwamba ugonjwa unaoanza kwa ghafla una tumaini zaidi kuliko ule unaoingia taratibu kwa miaka. Lakini kuona si kueleza. Boisen alieleza kwamba wa kwanza walipona kwa sababu waliukabili ukweli, na wa pili walipotea kwa sababu walijiachia. Twaweza kueleza kinyume chake kwa haki zaidi: kule kupoa kwa nia, kutojali, kukaa kimya kutwa nzima bila kuoga, ni dalili za namna moja ya ugonjwa. Si chaguo la mwenye ugonjwa. Vivyo hivyo kutotambua kwamba unaumwa ni jambo la kawaida katika skizofrenia, nalo huhesabiwa leo kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Anayemlaumu mtu kwa kutokiri ugonjwa wake anafanana na anayemlaumu kipofu kwa kutotazama.

La pili ni la wakati. Boisen aliandika kabla ya kupatikana kwa dawa zenye nguvu juu ya magonjwa haya. Dawa ya kwanza, klorpromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Kabla ya hapo, mtu aliyetoka wodini alionekana ametoka kwa nguvu zake na neema ya Mungu tu. Kitabu hakina lawama kwa kutojua kilichokuwa hakijajulikana, lakini msomaji wa leo hana ruhusa ya kukisoma kana kwamba miaka hiyo haijapita.

La tatu ni la mashujaa. Kuwaweka wagonjwa wa Worcester katika orodha moja na Paulo na Yeremia kunawapa heshima, kweli. Lakini kunawapa heshima wale waliotoka na ujumbe. Vipi yule ambaye hakutoka na ujumbe wowote? Vipi mama aliyekaa miaka 20 akihesabu vidole vyake? Katika mpango wa Boisen huyu anabaki mfano wa kushindwa. Kitabu kilichoandikwa ili kumtetea mgonjwa kinaishia kuwatetea baadhi ya wagonjwa mbele ya wengine.

La nne ni zito kuliko yote, nalo linatoka katika maisha ya Boisen mwenyewe. Mwaka 1930 mama yake alifariki, naye akaugua tena. Mwaka 1932 akahamia hospitali ya Elgin, jimbo la Illinois. Mwaka 1935 Alice Batchelder, mwanamke aliyempenda kwa miaka mingi bila kuoana naye, alifariki, na mwaka huo huo Boisen akaugua mara nyingine. Kitabu cha 1936, kilichowekwa wakfu kwa mwanamke huyo, kilitoka baada ya mapigo haya. Mtu aliyejijua kuliko wagonjwa wengi, aliyeukabili ukweli wake kwa ujasiri usio na shaka, aliyesoma na kufundisha juu ya jambo hilo hilo, hakuweza kwa ujasiri huo kuuzuia ugonjwa usirudi. Maisha yake yanakijibu kitabu chake. Naye, kwa uaminifu wake, hakuyaficha: mwaka 1960 aliyaeleza katika wasifu wake, Out of the Depths, miaka 5 kabla ya kufariki.

Hebu tuangalie basi ni nini alichokiweza. Alikuwa na marafiki walioendelea kumwandikia barua alipokuwa wodini. Alikuwa na kazi ya kurudia. Alikuwa na daktari aliyemwamini akampa nafasi hospitalini akijua historia yake. Aliandika. Haya yote ni madogo ukiyalinganisha na ushindi wa nafsi unaosifiwa kitabuni, lakini ndiyo yaliyomfikisha uzeeni akiwa mtumishi. Nayo karibu yote ni mambo ambayo mtu hayawezi peke yake.

6. Utashi na mipaka yake

Theolojia yetu ina neno gani hapa? Mwaka 1525 Martin Luther alimjibu Erasmus wa Rotterdam juu ya utashi wa binadamu. Watu wengi hukumbuka tu kwamba Luther alikana uhuru wa utashi, nao humdhania kuwa mwalimu wa kukata tamaa. Kumbe aliweka mpaka wa wazi. Katika mambo yaliyo chini yetu, kama mali, nyumba na kazi, binadamu ana uhuru wa kiasi. Katika mambo yaliyo juu yetu, yaani wokovu na kukubaliwa na Mungu, hana nguvu yoyote. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 18, lasema vivyo hivyo: utashi una uhuru fulani wa kutenda haki ya kiraia na kuchagua mambo yaliyo chini ya akili, lakini hauwezi pasipo Roho Mtakatifu kuifanya haki ya Mungu.

Mgawanyo huu ukipelekwa wodini unaleta faraja ya pande mbili. Kwa upande wa juu, mgonjwa anaambiwa kwamba kukubaliwa kwake na Mungu hakutegemei kabisa uwezo wake wa kujitawala. Hakutegemei kupona kwake, wala ujasiri wake, wala hata kuweza kwake kusali. Hapo swali la nani anayashika maisha yake limekwisha kujibiwa katika ubatizo wake, nalo halifunguliwi upya kila anapougua. Kwa upande wa chini, mgonjwa hanyang'anywi yale madogo yanayowezekana: kumeza dawa, kumwambia mke wake kwamba usingizi umeanza kupotea, kuamua nani amshikie fedha hali ikichafuka, kulima tuta moja. Kwa kuwa wokovu haumo katika mambo haya, anaweza kuyafanya bila hofu, na akishindwa leo anaweza kuyajaribu kesho.

Kosa la Boisen, kwa lugha hii, ni kuliinua jambo la chini na kulifanya la juu. Kujitawala, ambako ni kipawa cha kiasi na chenye kupanda na kushuka, alikufanya njia ya nafsi kuelekea kwa Mungu. Na kosa la wanaosema kwamba mgonjwa asifanye lolote ila amwachie Mungu ni kinyume chake: wanalishusha fundisho la neema mpaka mahali ambapo Mungu amempa binadamu mikono na majirani.

Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa dini, mwaka 1988 alieleza namna tatu za waumini kukabili shida: wapo wanaotegemea nguvu zao walizopewa, wapo wanaomwachia Mungu yote, na wapo wanaotenda pamoja na Mungu kama wabia. Mchungaji Mlutheri hatachagua moja na kuzikataa nyingine. Atauliza: ni jambo gani? Katika habari ya kukubaliwa na Mungu, mgonjwa na mchungaji wote wawili wanapokea tu. Katika habari ya chupa ya dawa, wanatenda kazi na Mungu aliyeumba dawa na mfamasia.

Luther mwenyewe aliyaishi haya. Mwezi Novemba 1532 alimwandikia Jonas von Stockhausen, aliyekuwa akisongwa na mawazo ya kujiua, akamtia moyo asiyasikilize mawazo yale. Lakini hakuishia hapo. Alimwandikia pia mke wa mtu huyo, akimwagiza asimwache mumewe peke yake hata kidogo, wala asiache karibu naye kitu ambacho angeweza kujidhuru nacho. Angalieni hekima hii. Kwa mgonjwa alitoa neno. Kwa nyumba alitoa kazi. Hakumtwika mgonjwa ulinzi wote wa maisha yake mwenyewe. Na juu ya waliojiua, Luther alisema mezani pake kwamba wamezidiwa kama msafiri anayeuawa na mnyang'anyi msituni, wala hakuthubutu kuwahukumu kuwa wamepotea. Kanisa linalokataa kumzika mtu wa namna hiyo na lisome maneno hayo.

7. Yatupasayo sisi

Kanisa letu si geni katika kazi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Mpaka leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, nayo inajulikana kwa kuwashirikisha wagonjwa kazi za mikono na za shamba. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni ya serikali, nayo imekuwako tangu mwaka 1927. Pamoja na hayo, wagonjwa walio wengi hawako Lutindi wala Mirembe. Wako katika nyumba zetu, na wengine wamefungwa kamba katika chumba cha nyuma, au wamekaa mahali pa maombezi wakingojea wiki ya tatu ya kufunga.

Katika nyumba hizo nimekutana na imani mbili zinazopingana, na mara nyingine zikikaa katika kichwa kimoja. Moja yasema kwamba mgonjwa amelogwa au ana pepo, kwa hiyo yeye mwenyewe hana neno. Wengine wafanye juu yake wapendavyo. Nyingine yasema kwamba angekuwa na imani ya kutosha angekwisha kupona, kwa hiyo kuumwa kwake ni hatia yake. Ya kwanza humnyima sauti, ya pili humnyima amani. Maombezi si kosa, kwani Kanisa limeagizwa kuwaombea wagonjwa. Kosa ni kumwambia mtu aache dawa ili athibitishe imani yake. Hapo maombezi yamegeuzwa kuwa mtihani, na mtihani huo anayeufeli ni mtu dhaifu kuliko wote waliomo chumbani.

Tukisoma Marko sura ya 5 kwa makini, bila kudai kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo, tunaona jambo la ajabu. Watu wa Wagerasi walijaribu kumtawala yule mtu kwa pingu na minyororo, wakashindwa. Bwana Yesu alimwuliza jina lake. Na baada ya kumponya, mtu yule alipoomba kufuatana naye, Bwana alimrudisha kwao akiwa na kazi ya kufanya. Aliyekuwa akifungwa na watu wake akawa ndiye anayewapelekea habari.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mchungaji anapomtembelea mgonjwa wa akili aliyepata nafuu abebe maswali matatu rahisi. Ni yapi unayoyaweza leo? Ni yapi ungependa tukushikie utakapokuwa huyawezi, na nani akushikie? Ni yapi ambayo wewe na sisi tumwachie Mungu? Swali la kwanza linamheshimu mgonjwa kama alivyotaka Boisen. La pili linaliita shirika katika kazi yake, na jibu lake lafaa kuandikwa mgonjwa akiwa na akili timamu, ili siku ya dhoruba asitawaliwe na watu asiowachagua. La tatu linamwondolea mzigo ambao hakuumbiwa kuubeba. Maswali haya yasiulizwe mara moja tu, maana majibu hubadilika. Mwezi wa Machi mtu aweza kushika ufunguo wa duka lake, na mwezi wa Juni asiweze.

8. Hitimisho

Boisen na aendelee kusomwa katika vyuo vyetu. Asomwe kwa ajili ya ujasiri wa mtu aliyetoka wodini na kurudi wodini akiwa mchungaji, na kwa ajili ya fundisho lake kwamba mgonjwa ni andiko la kusomwa kwa heshima. Lakini asomwe pamoja na miaka ya 1930 na 1935, na pamoja na wale 173 ambao si wote waliopona. Mwalimu atakayewapa wanafunzi kitabu cha 1936 bila wasifu wa 1960 atawapa nusu ya ushuhuda.

Mwanafunzi atakayemaliza somo hili akiamini kwamba mgonjwa mwenye imani hupona, apewe somo hili upya. Atakayemaliza akiamini kwamba mgonjwa hana la kufanya, naye arudie. Atakayeweza kuketi na mama yule anayehesabu vidole, asimwone kuwa ni mtu aliyeshindwa, ambatizie mtoto wake, ampelekee Meza ya Bwana, na kumkumbusha binti yake siku ya kliniki, huyo na atumwe sharikani.